Picha Tisa za Sapiwi

Lenzi ile niliipata mnadani, kwa mzee aliyekuwa ametandika turubai na kupanga juu yake redio zisizolia, pasi za mkaa na vikombe vya bati. Ilikuwa imefungwa kwenye kamera ya filamu iliyokwama, mali ya mwalimu mmoja marehemu ambaye watoto wake walikuwa wanapunguza vitu ndani ya nyumba. Muuzaji aliponiona nimeiinua akacheka, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Hiyo imekufa, mayu. Wapelekee watoto wachezee."

Kamera sikuwa na haja nayo. Nilichomoa lenzi, nikaielekeza kwenye mwanga, nikachungulia. Pembeni kulikuwa na fangasi kidogo, kama utando wa buibui, lakini katikati kioo kilikuwa kizima. Pete ya kufokasi ilizunguka kwa uzito mzuri, haikukwaruza, haikulegea. Nikamlipa mzee wa watu, nikaifunga kwenye kona ya kanga na kuondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Baada ya siku kadhaa nikapokea kwenye basi kifurushi kutoka Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma cha duara, cha kuunganishia lenzi za zamani kwenye kamera za kidijitali. Nikafunga, nikawasha. Lenzi kama ile haina mota wala waya. Kamera haijui hata kama imevaa lenzi. Kila kitu unafanya kwa vidole, unazungusha pete taratibu mpaka uso wa mtu ushike, yaani uonekane wazi bila ukungu. Kamera za siku hizi zina msaada wake: palipo na fokasi huchora vidoti vyekundu. Lakini vidoti navyo hudanganya. Hupenda zaidi kitambaa cha maua, au ukuta wenye nyufa, kuliko uso wa mtu.

Wakati huo nilikuwa na miaka kama kumi na mitano katika kazi ya picha, na studio yangu ndogo hapa Bariadi, nyuma ya soko. Ushindani ulikuwa umenibana. Vijana walikuwa wamejaa barabarani na kamera zinazotafuta jicho la mtu zenyewe, na wengine walipiga harusi nzima kwa simu. Ile lenzi ikanirudishia heshima. Picha zake zilikuwa na weupe fulani laini, na nyuma ya mtu kila kitu kiliyeyuka vizuri. Wateja walisema, "Hizi zinafanana na za zamani." Watumishi waliohamishiwa hapa kutoka mikoa mingine walianza kuniulizia kwa jina la "yule mama wa lenzi ya kuzungusha." Nikajiona fundi. Lenzi ya auto, inayotafuta fokasi yenyewe, iliyokuja na kamera yangu nikaitupia kabatini.

Aliyeitoa kabatini ni wifi yangu. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mume wangu, na alikuja kukaa kwetu ndoa yake ilipovunjika. Miezi ya kwanza alikuwa hasemi sana. Alikuwa anafua, anapika, anakaa. Nikamchukua studio ili atoke nje ya nyumba. Kumbe mkono alikuwa nao. Ndani ya mwaka mmoja alijua taa, alijua kompyuta, alijua kuwachekesha watoto wa pasipoti wasilie. Nikampa kamera yangu ya zamani na ile lenzi ya auto, tukawa tunaenda kazini wawili, mimi mbele, yeye pembeni. Watu walidhani ni ndugu wa tumbo moja. Tulikuwa tunataniana njia nzima, na ukweli alikuwa anauleta hivyo hivyo, katikati ya utani.

"Wifi, huyu bwana harusi umemkata masikio."

"Masikio yenyewe yanafaa kukatwa."

"Basi mwambie mke wake."

Sasa, kamera ina kigurudumu kidogo sana pembeni ya kijidirisha cha kuchungulia. Unakizungusha kulingana na macho yako, ili ndani paonekane vizuri. Kuna msimu mmoja, pamba ilikuwa inavunwa, nikaanza kukuta kigurudumu changu hakipo nilipokiacha. Ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nachungulia naona ukungu, nakizungusha, panakuwa afadhali. Wiki ijayo ukungu umerudi. Nikamuuliza wifi kama anachezea kamera yangu nikiwa sipo. Akasema hapana. Nikamuuliza mara ya pili, kwa sauti nyingine. Akasema hapana, akaniangalia.

Picha zikaanza kutoka mbaya. Si zote. Kumi zinakaa, tano zimekosa. Nikasema ni fangasi imekua kwenye kioo. Nikasema ni jua, ni vumbi, ni wateja wasiotulia. Na zile zenye ukungu kidogo wateja walizipenda vilevile, wakidhani ndio mtindo. Hilo ndilo lililoniharibu zaidi.

Halafu ikaja kazi ya kijijini Sapiwi. Binti mmoja mwalimu alikuwa anaolewa, na siku ya upande wa mume kuleta ng'ombe wa mahari alitaka picha. Alinifuata mwenyewe studio, akakaa kwenye benchi, akanieleza kwamba baba yake anaumwa na hatakuwepo muda mrefu.

"Ng'ombe utawapiga, wageni utawapiga, hayo yote sawa," alisema. "Lakini ninachotaka hasa ni picha moja na baba. Yeye hajawahi kupigwa picha ya maana. Nimeona zako, nataka kama hizo."

Tulifika asubuhi. Ng'ombe walikuwa tayari wamefungiwa, na wazee wa pande zote mbili wanabishana kuhusu dume moja lenye pembe iliyovunjika. Tukasalimiana na kila mtu, maana huko huwezi kutoa kamera kabla ya kusalimia: "Mwangaluka," "Mhola," mpaka mwisho wa mstari. Wanawake walitupa chai. Nilipoweka kikombe mezani kikakosa meza. Nikacheka, wakacheka. Wifi hakucheka.

Mchana mzee akatolewa nje. Walimleta wanaume wawili na kiti chake, wakamweka mbele ya nyumba, ukuta uliosiribwa kwa udongo ukiwa nyuma yake. Alikuwa amevaa koti jeusi lililokuwa kubwa kwake, na miguuni soksi nyeupe mpya. Binti akapiga magoti pembeni, akamshika mkono. Nikavua lenzi kifuniko.

Wifi akanisogelea, akaninong'oneza. "Wifi, kwa mzee tumia hii ya auto."

"Kwa nini?"

"Picha za kipaimara juzi zilitoka na ukungu. Na leo umemwaga chai. Macho yako, wifi. Nenda kapime."

Nilisikia joto limenipanda mpaka masikioni. Mbele ya watu wote wale, ingawa hakuna aliyesikia. "Macho yangu yana nini? Nilianza kazi hii wewe hujui hata kushika kamera."

"Basi niache nipige na mimi, nikiwa hapa pembeni. Kama akiba tu."

"Shusha kamera yako," nikamwambia. "Mzee atababaika aangalie wapi."

Akaishusha. Akaizima kabisa, akaiacha ining'inie shingoni, akasimama mikono nyuma.

Nikapiga picha tisa. Jua lilikuwa kali na kila kitu kilichong'aa kilikuwa na duara la mwanga kukizunguka, nikaona ni uzuri wa lenzi. Nilizungusha pete mpaka vidoti vyekundu vikajaa, nikabonyeza. Kwenye picha ya sita au ya saba binti alimwambia baba yake kitu sikioni na mzee akacheka, meno machache aliyokuwa nayo yote yakaonekana. Nilijua nimeipata. Nikatazama kwenye kioo cha kamera, kile cha ukubwa wa kiberiti, nikaona nyuso mbili. Sikuikuza. Wifi aliomba kuona nikamwambia tutaona nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilizifungua kwenye kompyuta. Ukuta ulikuwa umeshika ajabu. Ungeweza kuhesabu mabua yaliyochanganywa kwenye udongo, na mchwa waliopanda pembeni ya dirisha. Mbele ya ukuta huo mzee na binti yake walikuwa kama watu wanaoonekana kupitia mvuke wa sufuria. Picha zote tisa.

Wifi alikuwa kaunta na mteja, mama aliyeleta mtoto kwa ajili ya pasipoti. Sikusubiri aondoke.

"Nani amegusa kigurudumu cha kamera yangu?"

"Sijagusa, wifi."

"Nani basi? Panya?"

Akaja nyuma yangu, akaona kompyuta. Akaweka mkono mdomoni. Nadhani alikuwa anamhurumia yule mzee, lakini mimi niliona ananicheka. Nikasimama. Nikamwambia amenionea wivu tangu siku ya kwanza. Nikamwambia ameniharibia jina kwa makusudi ili kazi zije kwake. Alikuwa anatikisa kichwa tu, "Hapana wifi, hapana," na laiti ningeishia hapo. Lakini nikasema, "Ndio maana hata kwako hukukaa."

Yule mama mteja akamvuta mtoto wake karibu. Wifi akavua kamera shingoni, akakunja mkanda wake vizuri, akaiweka juu ya kaunta. Akamalizia kumkatia mteja picha zake nne, akamfungia kwenye bahasha, akamshukuru. Kisha akatoka. Niliporudi nyumbani mchana begi lake halikuwepo. Alikuwa amepanda gari kwenda Maswa, kwa shangazi yao kule Nyalikungu.

Mume wangu ni dereva, husafiri siku mbili tatu. Aliporudi nikamweleza kwa namna yangu. Alinisikiliza, akavua viatu.

"Umemfukuza mdogo wangu kwenye nyumba ya kaka yake," alisema. Hakulirudia tena.

Zile picha nilizifuta. Kwenye kompyuta, kwenye kadi, kila mahali. Nilijiambia fundi hatunzi uchafu. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu yeyote azione. Kisha nikaenda Sapiwi nikamwambia yule binti kwamba msaidizi wangu alichezea mashine, picha za baba hazikutoka, lakini nitarudi siku yoyote kumpiga tena bure.

"Yule dada mpole?" aliuliza.

"Huyo huyo."

Akainamisha kichwa. "Basi ngoja baba apate nguvu kidogo."

Hakupata. Wiki chache baadaye binti aliingia studio akiwa amejifunga kanga nyeusi, na mkononi alikuwa na kadi ya kupigia kura ya baba yake. Alitaka ile picha ndogo ya kwenye kadi ikuzwe, ya kuweka mbele ya jeneza. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama itawezekana, maana ilikuwa imechubuka. Niliisafisha kadiri nilivyoweza. Nilifuta muhuri uliopita shavuni, nikasawazisha rangi, lakini picha ya kadi ni picha ya kadi: mtu ametazama mbele kama aliyekamatwa, mdomo umefumba. Ndiyo iliyotangulia kaburini. Binti aliichukua kwa mikono miwili akanishukuru, "Wabeja, mayu." Nilikaa kwenye kiti cha wateja mpaka adhana ya alasiri.

Nikaendelea kufanya kazi peke yangu, na nikaendelea kukuta kigurudumu kimehama. Hakukuwa na mtu mwingine studio. Unaweza kufikiri hapo ndipo ningejua. Nilinunua kamera nyingine.

Miezi ikapita. Wakaja waganga wa macho, wakaweka mahema kwenye uwanja wa kanisa, watu wakatoka vijijini kupimwa. Mimi niliitwa kupiga picha za kazi yao. Nilipita na kamera, nikapiga foleni, nikapiga bibi mmoja anafunguliwa bandeji. Nesi aliyekuwa anapima kwa ubao wa herufi alinitazama nikihangaika na lenzi yangu, nachungulia, natoa jicho, nalifuta, nachungulia tena.

"Mama, na wewe njoo ukae," akasema.

"Mimi nipo kazini."

"Dakika moja tu. Kaa."

Nikakaa, kwa kumfurahisha. Akaniziba jicho la kulia, nikasoma mistari yote mpaka ya chini, nikaringa. Akaniziba la kushoto.

"Soma."

"Ubao mmeutoa?"

"Ubao upo palepale, mama."

Palikuwa na weupe tu. Weupe laini, kama wa picha zangu. Miaka yote nachungulia kwa jicho la kulia, na maishani natembea kwa la kushoto, sikuwahi hata siku moja kuziba moja nikajaribu lingine. Nesi akanimulika kwa kurunzi, akaandika kwenye karatasi.

"Ni mtoto wa jicho, amekomaa. Ni wa kutolewa, utaona vizuri. Lakini amekuwepo muda mrefu. Hakuna mtu wa karibu aliyekuambia?"

"Aliniambia," nikasema.

Nilifanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotoka nilishangaa rangi ya bluu, kwamba ilikuwepo siku zote. Baada ya kupona nilikaa kwenye kompyuta nikafungua kazi zangu za miaka miwili, moja baada ya nyingine, jicho la kushoto nimelifumba. Bibi harusi asiye na kope. Watoto wa kipaimara. Mtu na mkewe, ulioshika ni mti wa nyuma yao. Watu walikuwa wamenilipa na kushukuru.

Nilikwenda Nyalikungu siku ya Jumamosi. Wifi alikuwa ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ofisi; anatoa kopi, anachapa barua, anapiga pasipoti ukutani kwa simu. Aliponiona aliinuka.

"Shikamoo," akasema.

Hakuwahi kuniamkia hivyo tangu nimjue. Nikaitikia. Tukakaa nje ya duka kwenye viti vya plastiki, nikamweleza yote: uwanja wa kanisa, nesi, ubao. Nikamwomba radhi kwa neno la kigurudumu na kwa lile neno lingine. Lile la pili sikuweza kulirudia kwa mdomo, nilisema tu, "na lile la ndoa yako." Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilishasamehe," alisema. "Nisingeweza kukaa nalo. Pole kwa jicho."

"Rudi Bariadi. Studio ni yako na mimi."

"Hapa naendelea vizuri." Kisha akasema, "Ila kuna mama wa Sapiwi alikuja hapa kutoa kopi. Akaniangalia, akaniuliza, si wewe uliyeharibu picha za marehemu? Mbele ya bosi wangu."

Wiki iliyofuata nilikwenda Sapiwi. Yule binti nilimkuta kwa mama yake, amekuja na mtoto mchanga. Nikasema mbele yao wote wawili, na mbele ya jirani aliyekuwepo, kwamba nilidanganya, kwamba picha zilitoka na ukungu kwa sababu ya jicho langu. Kwamba wifi yangu hakugusa chochote, kwamba yeye ndiye aliyenionya na yeye ndiye aliyetaka kupiga akiba nikamkataza. Mama mtu alisonya, akaingia ndani. Binti alibaki, anamtikisa mtoto begani.

"Kwa hiyo zilitoka," akasema. "Ila zilikuwa na ukungu."

"Ukungu mwingi. Sura hazionekani vizuri."

"Ile aliyocheka ilikuwepo? Nilimwambia lile dume lenye pembe iliyovunjika linafanana na babu yake mume wangu. Alicheka sana."

"Ilikuwepo."

"Naiomba hiyo. Hata yenye ukungu. Nitamjua baba."

Ilibidi nimwambie kwamba nilizifuta. Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akamgeuza mtoto bega la pili, akaniuliza kama nimekuja kwa pikipiki au kwa gari, na kama nimekula.

Nilimpigia wifi jioni ile nikamwambia nimeshasema, na majirani wamesikia. Alishukuru. Nilipeleka ile kadi ya kamera kwa fundi mmoja wa kompyuta, kisha kwa mwingine Mwanza, wajaribu kurudisha zilizofutwa. Vilirudi vipande: harusi za watu wengine, nusu ya ng'ombe. Tisa zile hazikurudi.

Ile lenzi bado naitumia, kwa kazi chache, na ninakuza kila picha kabla ya kumruhusu mtu kuinuka. Wifi huja Krismasi kumwona kaka yake. Analeta mchele, anapika na mimi, anacheka na watoto. Mwaka jana nilimsogezea kamera tukiwa tunakata vitunguu, aone picha ya binti yangu niliyoipiga asubuhi ile dirishani. Nilikuwa nina wasiwasi nayo. Niliona kama fokasi imekaa kwenye sikio badala ya jicho, na nilitaka aniambie.

"Hebu iangalie hii, wifi. Imekaa?"

Alifuta vidole kwenye kanga, akainamisha kichwa juu ya kioo. Hakuishika kamera, hakuikuza picha.

"Ni nzuri," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.